Dakika Kumi za Mjomba

Watu wanadhani kisasi ni kazi ya mapanga na matusi. Thubutu! Kisasi kinataka mtu aliyetulia, aliyemaliza chai yake, anayejua kuhesabu dakika. Huyu ninayetaka kuwasimulia alilipiza chake akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mbili mapajani, na beseni la nguo chafu likimsubiri mlangoni.

Wateja walimwita Dakika. Jina la kuzaliwa analo, lakini hata mumewe amelisahau, na kama mume kalisahau sisi ni nani tuling'ang'anie.

Mama yake alikuwa fundi wa mikoba ya ngozi. Chumba chao kilikuwa kimoja, na nusu yake ilikuwa ya cherehani: nyeusi, ya kukanyaga kwa mguu, shingo nene, yenye nguvu ya kutoboa ngozi mbili zilizobandikwa kama vile inatoboa karatasi. Upande wa kulia ilikuwa na droo ndogo iliyokuwa ikikwama. Dakika alijifunza kulala kwa kelele za cherehani ile, na ikinyamaza usingizi ulikuwa unakatika. Ilimlisha, ikamvisha, ikamlipia shule mpaka alipoamua mwenyewe kwamba shule imemtosha.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya yadi. Kiwanda cha ngozi kilifungua mabunda mara moja tu kwa wiki, saa tatu kamili asubuhi, na pale hapakuwa na foleni wala kuwekeana nafasi. Ngozi ilikuwa ya mkono ulioigusa kwanza. Fundi anayetaka ngozi isiyo na kovu sharti aingie na mikono miwili mitupu na macho manne. Getini unaonyesha kibati chako chenye namba, mama yake alikuwa namba saba, na kuanzia hapo mpaka saa nne hakuna fundi wa viatu wala wa mikoba mjini anayemjua mtu. Dakika akiwa mdogo alikuwa anashikishwa pochi na kuambiwa asimame ukutani. Siku moja mpangaji mwenzao alikimbia mpaka yadi kumwambia mama kwamba maji yameingia ndani. Mama hakugeuka hata shingo. "Yakitoka yataniambia," akasema, mikono ikipapasa bunda.

Haya. Binti alipokua, mjomba wake, kaka wa tumbo moja na mama, akamchukua dukani. Lilikuwa duka la vitu vilivyotumika: redio, kamera, saa za ukutani, viti vya ofisi, kila kitu kilichochokwa na wenyewe. Mjomba alikuwa ameanza kuuza kwa mnada wa mtandaoni, lakini alikuwa anauza kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Akiamka na hamu, anaweka. Akishiba, anaweka. Na mnada ule ulikuwa na sheria moja isiyobembelezeka: unadumu siku saba na unaisha dakika ile ile uliyouanzisha. Ukifungua Jumanne saa nne asubuhi, utafungwa Jumanne saa nne asubuhi, hata kama wanunuzi wako wote wakati huo wako shimoni.

Na kila mtu anayejua minada anajua kwamba siku sita na nusu za mwanzo ni za kuchungulia tu. Bei inapandishwa na dakika tano za mwisho. Wenye nia wanavizia, wanangoja, halafu wanavamiana. Kama saa hizo wanaovizia hawapo, kitu chako kinaondoka kwa bei ya huruma.

Dakika aliliona hilo mwezi wa kwanza. Akanunua daftari, akaanza kuandika si vitu bali watu. Walimu wananunua saa kumi na moja jioni, wakishatua mzigo wa madaftari. Wapishi wa hoteli ni saa tisa alasiri, wanapokaa kwenye ngazi za nyuma kunyoosha miguu. Vinyozi Jumatatu, kwa sababu Jumatatu hakuna anayenyoa. Akina mama wanaotafuta mashine za kusaga, Jumapili jioni. Lakini wanaotafuta vitu vya watoto wachanga, alfajiri, wakinyonyesha kwa mkono mmoja na kushika simu kwa mwingine. Kamera aliyoiweka mjomba ikaondoka kwa bei ya sahani, Dakika aliweka nyingine kama ile, akaifunga saa ambayo wapiga picha za harusi wamelala chali wakipumzika, ikaondoka kwa bei ya mbuzi wawili. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mtoto ana mkono wa baraka," akawa anawaambia watu.

Miaka kumi na moja alishika simu ya duka. Duka likapata nyota karibu elfu mbili za wateja walioridhika, mjomba akapata gari, na Dakika akapata miwani.

Ndipo mama akaugua. Ugonjwa ulikuwa wa muda mrefu, chumba kikarudishwa kwa mwenyewe, na vyombo vikapelekwa stoo ya mjomba "vitunzwe." Mama akafa. Baada ya maziko, watu walipotawanyika, Dakika akamwendea mjomba kwa adabu zote.

"Mjomba, naomba nichukue cherehani ya mama."

"Ya nini tena?"

"Ni ya mama."

"Mama yako alikuwa nani kwangu? Jirani? Vitu vya dada yangu ni vya ukoo. Wewe umeolewa, nenda kadai kwa kina mume wako."

Akavumilia. Wiki ya tatu akaingia stoo kutafuta kitambaa, akakuta cherehani imebandikwa namba ya bidhaa, nne moja mbili. Bidhaa! Mguu wa mama yake umelila lile pedali mpaka likawa na shimo la kisigino, leo bidhaa. Akatoka stoo, akamuuliza mjomba mbele ya wateja watatu. Nao wateja, mnawajua, wakajifanya wanatazama viti.

Mjomba hakupenda kuulizwa mbele za watu. Akanyoosha mkono. "Nipe simu ya duka."

"Mjomba..."

"Nipe simu. Unajiona duka ni wewe? Kubonyeza simu hata nyani anaweza."

Akampa simu mkwe wake, mume wa binti yake, kijana mmoja wa cheti aliyeitwa Msomi, ambaye alikuwa amekaa pale akila njugu. Miaka kumi na moja, na Dakika akatoka na mkoba wake na daftari lake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Nisiwadanganye kwamba alisamehe. Hakusamehe hata kidogo. Alikwenda nyumbani akamwambia mumewe maneno mawili: "Cherehani itarudi." Mumewe ni mlinzi wa usiku, mtu mpole, mrefu, wa kusinzia akiwa amesimama. Akauliza tu kama watahitaji mkokoteni.

"Siku hiyo nitakwambia," Dakika akasema.

Akaanzisha duka lake chumbani. Shuka jeupe dirishani la kupigia picha, mizani ya jikoni ya kupimia vifurushi, boksi la viatu la risiti. Akawa ananunua vibovu, anatengeneza anachoweza, anauza mnadani kwa saa zake. Taratibu akasimama. Msomi kule akasoma mahali kwamba watu wengi huwa mtandaoni Jumapili jioni, basi kila kitu cha duka kikawa kinaisha Jumapili jioni, pamoja na vitu vya kila mwenye duka mwingine aliyesoma mahali hapo hapo. Wanunuzi wakawa wanachagua kama watu walio harusini mbele ya sahani nyingi, wanaonja hapa, wanaacha pale. Bei za mjomba zikadidimia. Dakika akawa anazitazama kila Jumapili kwa raha ambayo hakuiungama kwa mtu.

Halafu, mwaka wa pili, zikapanda. Zikapanda ghafla, na hakuelewa, mpaka siku moja fundi saa mmoja, mteja wake wa zamani, akampigia.

"Dada Dakika, juzi umeninyima ile saa ya mezani, nimepitwa kidogo tu. Lakini si kitu, dakika kumi baadaye nikapata kama ile kwa mjomba wako."

"Dakika kumi?"

"Si mnapanga pamoja nyie? Kila ukiweka kitu, na yeye anaweka kama hicho hicho nyuma yako."

Loo! Akakata simu, akakaa chini, akafungua minada ya duka moja moja. Ni kweli. Yeye redio saa kumi na moja, mjomba redio saa kumi na moja na dakika kumi. Yeye mizani, mjomba mizani. Kila aliyepitwa kwake alikuwa anavukia kwa mjomba akiwa bado amepandwa na hasira ya kukosa, na mtu aliyekosa hana ubahili. Yaani alimfukuza, akamtukana nyani, akaizuia cherehani ya mama yake stoo, na bado anakula kwa saa zake! Dakika alilia siku ile, machozi ya hasira tupu, akapiga mto ngumi mpaka mumewe akaamka katika usingizi wake wa mchana.

"Nini?"

"Ananifuata nyuma! Kila nikienda, ananifuata nyuma!"

Mumewe akafikiri, maana hafikiri haraka. "Basi anayekufuata nyuma," akasema akirudi kujifunika, "si unampeleka unakotaka wewe?"

Akakoroma. Dakika akauweka mto chini, akafungua daftari lake.

Alijua mjomba alikuwa anasubiri nini. Cherehani ile ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Hazitengenezwi tena, na mafundi wa viatu na mikoba wangetoana macho. Mjomba hajaiweka kwa sababu alikuwa hajapata saa anayoiamini. Ikifungwa saa ya mafundi, jioni ya Alhamisi kwa mfano, wakiwa vibandani wanapaka gundi na simu iko kwenye meza, ingefika bei ambayo Dakika na mumewe wakiuza na kitanda wasingeifikia. Alikuwa na nafasi moja tu: mnada wa cherehani uishe wakati hakuna fundi anayetazama simu.

Na yeye alikuwa anaujua wakati huo. Aliujua tangu akiwa amesimama ukutani na pochi.

Sasa, mjomba angeiwekaje Jumatano saa tatu asubuhi? Mtu akikwambia saa ile ni nzuri, humwamini. Ukiona mwenyewe, unaamini. Hapa ndipo walinzi walipoingia. Kampuni ya mumewe ilikuwa inabadilisha zamu kila Jumatano. Walinzi wakitoka malindoni wanapanga mstari kwenye mabenchi ya ofisi kusubiri kusaini zamu mpya, kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Watu sabini, wamechoka, hawaruhusiwi kulala, hawana la kufanya ila simu. Dakika akafungua mnada wa tochi nzuri ya kichwani, ukaisha Jumatano saa tatu na dakika ishirini. Walinzi wakagombana mpaka benchi likaanguka, mumewe anasema. Wiki iliyofuata redio ya mfukoni. Iliyofuata, buti. Bei zilikuwa za kutisha, na zote za halali, hakuna hata moja iliyopandishwa na mnunuzi wa uongo.

Mjomba akanusa. Akaweka tochi, saa tatu na nusu. Ikaenda. Akaweka buti, zikaenda. Wiki sita mfululizo Jumatano asubuhi ikamlipa, na kwa kuwa hakuwahi kuuliza wanunuzi ni kina nani, aliona ni saa ile ndiyo yenye baraka. Asiyejua maana haambiwi maana. Saa haina baraka, ndugu zangu, baraka ni za watu waliomo ndani yake.

Wiki ya saba Dakika akatoa chambo. Alikuwa na cherehani ndogo ya mkono, aliyoinunua imevunjika akaitengeneza wiki mbili, akaipenda. Akaipiga picha mbele ya shuka, akaifuta vumbi mara ya mwisho, akaiweka Jumatano, saa tatu na dakika ishirini. Alijua itaondoka kwa bei ya bure, na ilimuuma. Halafu akakaa, macho kwenye simu, kucha mdomoni.

Saa tatu na nusu, duka la mjomba likaweka bidhaa mpya. Cherehani ya ngozi, ya kukanyaga, shingo nene. Kwenye picha ya tatu shimo la kisigino lilionekana wazi.

Dakika akaweka kiganja mdomoni.

Siku saba zile hakula vizuri. Fundi mmoja wa viatu akaweka dau dogo siku ya pili, la kuonyesha kwamba yupo. Siku ya tano dau likapandishwa kidogo na jina ambalo Dakika alilijua vizuri sana: lilikuwa la mteja hewa wa duka, akaunti ya pili ya mjomba, ambayo Dakika aliwahi kugombana na mjomba kwa ajili yake. Kazi yake ni kupandisha bei ikizubaa. Hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Mafundi wangekuwa yadi, sawa. Mteja hewa je? Akimwona Dakika ameweka dau atapandisha tu, na yeye hana cha kupandishia.

Lakini miaka kumi na moja si mchezo. Akaunti ile ya hewa iko kwenye simu ya duka, na simu ya duka ni moja. Ndiyo ya minada, ndiyo ya wateja, ndiyo ya mjomba kupigia watu. Hana nyingine, ni bahili hata wa hewa ya kupumua.

Jumatano ikafika. Mumewe alikuwa amemwachia simu yake tangu jioni. Saa tatu na dakika kumi na nane, Dakika amekaa ukingoni mwa kitanda, simu ya mumewe goti la kushoto ikiwa imefunguliwa kwa akaunti yake mwenyewe, jina lake mwenyewe. Angeweza kutumia jina la mtu. Hakutaka. Alitaka mjomba alione.

Saa tatu na dakika ishirini cherehani ndogo ikaisha. Madau mawili. Ilikwenda kwa bei ya blanketi, kwa mlinzi aliyetaka kumpelekea mkewe. Kwaheri, Dakika akasema.

Sasa fikirieni kule dukani. Mjomba anatazama, cherehani imeondoka kwa bei ya blanketi, na yake imebakiza dakika kumi, na mnada wenye dau ukibakiza siku moja haufutiki. Saa tatu na dakika ishirini na tatu simu ya Dakika ikaita. Namba ya duka. Miaka miwili haikuwahi kuita.

Akaiacha iite mara nne. Akapokea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu..."

Mwanangu! Leo mwanangu!

"Mjomba, jamani, sauti yako! Hujambo? Goti linaendeleaje?"

"Goti halijambo. Sasa, hii Jumatano..."

"Unalikanda lakini? Maana lile goti ukiliacha, baridi ikija utajuta. Na mama wa nyumbani je?"

"Mzima. Nilitaka kukuuliza, leo wanunuzi..."

"Na ile presha yake?"

Mjomba akavuta pumzi. Alikuwa mkubwa, alikuwa amesalimiwa, na amelelewa vizuri. Mkubwa hakatizi salamu za mtoto anayemuulizia afya. Akajibu presha. Akajibu binti yake. Akajibu wajukuu, wa kwanza, wa pili, na yule wa tatu aliyeota meno vibaya. Dakika jicho moja lilikuwa kwenye simu ya goti: dakika nne. Fundi wa viatu kimya. Wote kimya. Wako yadi, mikono ndani ya mabunda, kila mmoja na kibati chake shingoni.

"Sasa mwanangu, mbona leo hakuna watu? Cherehani yako imeenda bure. Kuna nini?"

"Kwani imeenda bure, mjomba?"

"Si nimeona!"

"Ulikuwa unaitazama?"

Kikohozi. Nyuma yake Dakika akasikia sauti ya Msomi. "Baba, nipe simu."

"Subiri, naongea."

"Baba, dakika mbili! Nipe simu nipandishe!"

"Nimesema naongea!"

"Mjomba, huyo ni Msomi?" Dakika akasema kwa sauti ya asali. "Hebu mwambie namsalimia. Mwambie hajambo? Mwambie na kazi zake."

"Anakusalimia," mjomba akamwambia Msomi.

"Baba, simu!"

Sekunde hamsini. Dakika akaandika dau, akaweka kidole juu ya kitufe, hakubonyeza. Mjomba sasa alikuwa ameanza kuelewa kwamba kuna kitu, lakini alikuwa hajui ni nini, na mtu asiyejua huongeza maneno.

"Mwanangu, tusiwe watu wa kununiana. Ukoo ni ukoo. Niambie tu, wanunuzi wa cherehani Jumatano asubuhi wako wapi?"

Sekunde kumi na tano. Dakika akabonyeza.

"Hilo nitakuja kukwambia dukani, mjomba," akasema. "Nakuja na mkokoteni."

Nne. Tatu. Mbili. Kengele ikalia simu ya goti, na nyuma ya mjomba akasikia ukelele wa Msomi, halafu kitu kimeanguka. Akakata. Akalala chali kitandani, mikono imetawanyika, akacheka hadi ubavu ukamuuma, na ndani ya kicheko akajikuta anamwita mama yake kwa sauti.

Cherehani ya mama yake imerudi kwa bei ya godoro jembamba.

Mchana walikwenda, yeye na mumewe, mkokoteni unapiga kelele njia nzima. Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono nyuma, uso umemjaa.

"Haiuzwi," akasema.

"Baba," Msomi akasema taratibu, "usipotoa, nyota zinaondoka. Wenye mnada wanafungia duka zima."

Mjomba akamtazama mkwe wake kana kwamba ndiye aliyetunga sheria. Kisha akapisha. Mume wa Dakika akaingia stoo, akaitoa cherehani kwa kukumbatia, kama mtu anayemtoa mgonjwa kitandani. Dakika akaipapasa shingo. Akapiga magoti, akaivuta ile droo inayokwama. Akaipiga ngumi ndogo pembeni kama mama yake alivyokuwa akiipiga, ikafunguka. Ndani mlikuwa na shazia mbili, zile sindano nene za ngozi, uzi ulionata nta, na kibati. Namba saba.

Akakiweka mezani mbele ya mjomba.

"Hiki ni nini?"

Mjomba akakigeuza. "Kibati."

"Cha wapi?"

Mjomba akakigeuza tena.

"Kimekaa stoo kwako miaka miwili. Mjomba, umeniuliza wanunuzi wa cherehani hii wako wapi Jumatano asubuhi. Mimi nakuuliza wewe. Dada yako, miaka thelathini, kila Jumatano saa tatu asubuhi, alikuwa wapi?"

Mzee akafungua kinywa. "Alikuwa... kazini."

"Kazini wapi?"

Macho yake yakazunguka dukani, kwenye viti, kwenye redio, kwa Msomi, kana kwamba jibu limebandikwa namba mahali. Hakulipata. Hakuwahi kwenda naye hata siku moja. Hakuwahi kuuliza. Akaliangalia tena lile bati, akalisugua kwa kidole gumba, na sauti iliyomtoka safari hii haikuwa ya mwenye duka.

"Alikuwa wapi?" akauliza. "Kweli, mwanangu. Alikuwa anakwenda wapi?"

Dakika aliona kwamba anataka kujua. Aliona kabisa. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa limefika ulimini. Lakini alikumbuka wateja watatu waliotazama viti, na mkono ulionyooshwa kudai simu.

Akachukua kibati chake.

"Hata nyani anajua, mjomba."

Mumewe alishtuka akakaribia kuangusha cherehani. Mtu hamwambii mjomba wake hivyo. Walifunga cherehani kwa kamba, wakasukuma. Walipofika kwenye kona wakasikia mjomba amesimama mlangoni, anaita jina lake, lile la kuzaliwa, anauliza tena swali lile lile. Hakugeuka.

Jumatano iliyofuata hakuweka kitu mnadani. Alikuwa yadi, kibati namba saba shingoni, mikono ndani ya bunda, akitafuta ngozi isiyo na kovu. Saa tatu na dakika ishirini simu iliita ndani ya mkoba aliouegemeza ukutani, ikakatika, ikaita tena. Hakuisikia. Alipoitazama saa nne ikishapita, alikuta duka limepiga mara tisa, na mjomba wiki ile hakuwa ameweka mnadani kitu chochote, kwa hiyo simu zile hazikuwa za biashara.